Mama mjamzito, mwambie mkunga habari za meno yako

Ukienda kliniki ya wajawazito, mkunga hupima damu, uzito na tumbo. Ni mara chache atakuambia ufungue mdomo. Si ubaya wake. Wakunga wengi walifundishwa kidogo sana juu ya meno, foleni ni ndefu, na wengine hudhani hiyo ni kazi ya mganga wa meno peke yake. Kwa hiyo anza wewe kusema: "Ufizi wangu unatoka damu," au "Jino hili linaniuma usiku."

Homoni za mimba hufanya ufizi uvimbe na kutoka damu upesi. Akina mama wengi wakiona damu huacha mswaki, na hapo ufizi huzidi kuharibika, kwa sababu uchafu unabaki kwenye meno. Piga mswaki taratibu, asubuhi na usiku, hata kama damu inatoka. Ukitapika, suuza mdomo kwa maji kwanza na ungoje nusu saa ndipo upige mswaki, kwa kuwa asidi ya tumbo hulainisha jino. Tena si kweli kwamba kila mtoto huondoka na jino moja la mama yake. Jino huharibiwa na sukari, uchafu na ufizi mgonjwa.

Wengi huvumilia maumivu miezi tisa wakiogopa kwamba sindano ya ganzi itaharibu mimba. Jino huweza kuzibwa au kung'olewa kwa ganzi wakati wa mimba, na miezi ya 4 hadi ya 6 ndiyo rahisi zaidi kwa mama. Lakini jino lenye usaha lisingoje mwezi wowote. Shavu likivimba kuelekea shingoni, ukapata homa, au ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Usaha huo unaweza kuziba pumzi.

Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Tetrasaiklini hutia rangi meno ya mtoto aliye tumboni. Ibuprofeni haifai, hasa baada ya mwezi wa 5. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo inayofaa, kwa kipimo ulichoambiwa.

Vituo vidogo mara nyingi havina mganga wa meno. Mwombe mkunga akuandikie barua ya kwenda kituo cha daraja la IV au hospitali. Kwa walio upande wa Bwera, hospitali ya serikali iko karibu na mpaka wa Mpondwe. Tangu 2001 matibabu ya kawaida katika hospitali za serikali ya Uganda hayalipiwi, na mkimbizi hutibiwa humo pamoja na mwenyeji. Chukua kadi yako ya kliniki, na mwambie mganga wa meno mimba ina miezi mingapi. Kama wewe ni Mnande na Kiswahili kinakupa taabu, sema Kinande tu. Mkunga Mkonzo atakuelewa.