Presha Kwenye Kiti cha Kinyozi

Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Mtu huishi nayo miaka mingi, anafanya kazi zake na kulala usingizi wake, hadi siku anapopatwa na kiharusi au figo zinaposhindwa. Mwanamke walau hupimwa kila anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Mwanamume asiyeumwa hana kinachompeleka hospitali, ndiyo maana watafiti kadhaa waliamua kumfuata alipo.

Jaribio lililovuma zaidi ni la daktari wa moyo Ronald Victor wa Marekani. Alianzia Dallas, ambako vinyozi walifundishwa kuwapima wateja weusi presha na kuwahimiza waende kwa daktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha nafuu, lakini ya wastani tu. Mteja alishajua presha yake imepanda, ila safari ya kliniki ilikuwa bado inamsubiri.

Katika jaribio lake lililofuata, huko Los Angeles, safari hiyo ilifutwa. Saluni 52 zilishiriki, zikiwa na wanaume weusi 319 ambao namba ya juu ya kipimo cha presha yao ilifika 140 au zaidi. Wote walikuwa wateja wa kudumu, watu ambao kinyozi anawajua hata watoto wao. Katika kundi moja la jaribio, kinyozi aliwashauri wabadili mtindo wa maisha na wakamwone daktari. Katika kundi la pili, mfamasia mwenye mafunzo maalumu alikuja mwenyewe saluni: alipima presha, akaandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, na kupima damu papo hapo ili kuhakikisha dawa hazijavuruga chumvi za mwili. Dawa zenyewe zilikuwa za kawaida, amlodipini ikiwemo.

Matokeo yalitoka mwaka 2018. Baada ya miezi 6, namba hiyo ya juu ilishuka kwa wastani wa milimita 27 za zebaki kwa waliotibiwa saluni, na 9 kwa walioshauriwa tu. Waliofikia chini ya 130/80 walikuwa asilimia 64 ya waliotibiwa saluni, na asilimia 12 ya walioshauriwa tu. Ni nadra utafiti wa presha kuonyesha pengo kubwa namna hiyo, na pengo hilo halikuletwa na uaminifu wa kinyozi peke yake, maana uaminifu ulikuwepo pande zote mbili.

Afrika Mashariki, utafiti wa SEARCH ulitumia njia inayokaribiana na hiyo, ya kuwafuata watu walipo, katika jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda. Kambi za upimaji ziliwekwa karibu na makazi, na VVU vilipimwa pamoja na presha na kisukari, hivyo kuonekana kwenye foleni hakukumtangaza mtu kuwa amekuja kwa ajili ya VVU. Wasiofika walifuatwa nyumbani. Asilimia 89 ya wakazi watu wazima walipimwa VVU. Hata hivyo, wanaume, hasa makapera na wanaohamahama, ndio waliokuwa wagumu zaidi kufikiwa.