Tembo wa Masikio ya Bandia

Wazazi wapenzi, sinema za kale za Tarzan siku hizi zinaonekana hata katika simu, na watoto wetu husadiki kwamba ndiyo Afrika. Yafaa wajue kweli.

Ile ya mwaka 1932 ilipigwa California, Marekani. Tarzan mwenyewe, Johnny Weissmuller, alikuwa bingwa wa kuogelea. Tembo walitoka Asia, na masikio yao ni madogo. Basi wakabandikwa ya bandia! Vipande vya Afrika halisi vilikuwa masalio ya sinema “Trader Horn” ya 1931, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Vivyo hivyo “Watusi” ya 1959 ilishonwa kwa viraka vya “King Solomon’s Mines” ya 1950.

Masikio hayo yachekesha. Lisilochekesha ni kwamba Mwafrika humo mara nyingi hana jina, hana shamba, hana sala. Hubeba mizigo na kukimbia tu.

Basi msiwafukuze watoto. Kaeni nao, mwaulize: Watu hawa wanalima nini? Mama yao ni nani? Mtoto aliyelelewa kibanjani, penye migomba na kahawa ya babu yake, ataona mwenyewe palipopungua. Ukiona vyaelea, vimeundwa.