Dalali Aliyejiita Mkusanyaji

Kukusanya stempu za posta ni mchezo wa heshima. Mtoto aliyeinamia kitabu chake cha stempu hujifunza majina ya nchi na tarekhe za watawala, wala hapotezi jioni yake kwa upuuzi. Kwa hiyo sisi hatukuwakataza vijana wa madrasa yetu, na baadhi yao wanazo nyingi, khasa za Unguja ya zamani. Lakini limetufikia jambo ambalo hatuna budi kulieleza.

Kijana wetu mmoja alinunua stempu ya Unguja yenye maneno "Jamhuri 1964". Asiyejua na aelewe kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Sultani zilizotolewa mwaka 1961 hazikutupwa, bali zilipigwa maneno hayo juu yake, na za mwanzo zilipigwa kwa mkono. Basi mwenye muhuri wa mpira na wino aweza kuzighushi nyumbani kwake. Aliyemwuzia alisema, "Mimi ni mkusanyaji kama wewe, mwanangu, hii imezidi katika zangu." Kijana akatoa akiba yake ya miezi minne bila kuuliza neno, kwani nani amwulizaye mwenziwe maswali ya dukani?

Baadaye mzee mmoja mjuzi aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akaonyesha kuwa wino wa "Jamhuri" umelala juu ya muhuri wa posta. Yaani stempu ilitumika kwanza katika barua, kisha ndipo ikapigwa maneno yale. Ikadhihiri pia kwamba mwuzaji ni wakala wa duka, ambaye huzunguka na vitabu vyake na kula udalali kwa kila kipande. Kijana alipomrudia aliambiwa, "Mimi si duka." Alipokwenda dukani aliambiwa, "Hiyo si yetu."

Je, wakala hana ruhusa ya kuwa mkusanyaji? Anayo. Udalali ni kazi ya halali, na mtu aweza kuipenda bidhaa anayoiuza. Kosa ni kuificha kazi yake ili aaminiwe. Mnunuzi hupima bei, na huamua maswali ya kuuliza, kwa kumjua anayemwuzia. Ukimficha hilo umemnyang'anya mizani yake kabla hajapima.

Hata wasio wa dini yetu wameliona jambo hili. Uingereza, tangu mwaka 1978, mfanya biashara alilazimishwa kujitaja kuwa ni mfanya biashara katika matangazo yake ya kuuza. Na kanuni za mwaka 2008, kisha sheria ya mwaka 2024, zikamkataza kabisa kujifanya si mfanya biashara. Sababu yake ni wazi: sheria yao humdai mfanya biashara ubora wa bidhaa kuliko anayeuza chake binafsi, na mnunuzi aliyefichwa hajui kuwa anayo haki ya kudai.

Nasi katika fikihi tumefundishwa kwamba mwenye kuijua aibu ya bidhaa ni wajibu wake kuibainisha, na kwamba mnunuzi akiigundua baadaye ana khiyari ya kuirudisha. Basi wakala na aseme kwanza kazi yake. Stempu zake mwenyewe aziweke mbali na za duka. Na kila auzapo aseme hii ni ya nani. Na mnunuzi asione haya kuuliza, "Ni yako au ya duka?" Kisha atake hati yenye jina la mwuzaji na ahadi ya kurudishiwa fedha iwapo itathibiti kuwa ni ghushi.

Lililotuuma zaidi ni suali la kijana mwenyewe. "Mwalimu," alisema, "mimi kweli ni mkusanyaji, wala sili udalali. Nikimwuzia mwenzangu bila kusema kitu, si nitapata fedha zangu?" Tazameni jinsi hila moja inavyozaa ya pili! Tukamjibu: "Yule alificha kazi yake, nawe wataka kuficha aibu unayoijua. Hasara yako ni ya fedha. Usiifanye kuwa ya dini."

Alinyamaza kitambo, kisha akachukua kalamu ya risasi, akaandika chini ya stempu ile katika kitabu chake: "Ghushi." Ingali humo, na kila anayekifungua huisoma.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.