Maandazi Madogo Bila Karai la Mafuta

Akina mama wengi hudhani ya kuwa andazi haliwi andazi mpaka lielee katika mafuta. Kumbe huko pwani mkate wa kumimina huiva kwa makaa ya chini na ya juu, wala hauzamishwi katika mafuta. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo kwa maandazi. Mafuta yatabaki chupani, tena hapatakuwa na karai linalochemka mahali watoto wanapochezea. Mama aliyekwisha kumwuguza mtoto aliyemwagikiwa mafuta ya moto hahitaji kuelezwa zaidi.

Twaa unga wa ngano nusu kilo, sukari vijiko vikubwa 4, hamira vijiko vidogo 2, chumvi nusu kijiko kidogo, na iliki iliyotwangwa. Tia yai moja, samli vijiko vikubwa 3, na maziwa ya vuguvugu kikombe kimoja. Usiyamimine yote mara moja, maana unga haufanani. Wala yasiwe ya moto, yataua hamira. Kanda dakika 10, ufunike, uache mpaka donge liumuke na kuwa kubwa mara mbili.

Kata vidonge kama 30. Kila kimoja kitoboe katikati kwa kidole, ulipanue tundu, maana kikiumuka huziba. Tundu hilo si pambo tu: joto hupita hapo, na katikati huiva kabla nje hakujakauka. Ndiyo sababu twayafanya madogo. Yapange katika sinia dogo lililopakwa samli, yapumzike dakika 20.

Sasa moto, na hapa ndipo kazi ilipo. Tia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa nzito, kina cha vidole viwili, na juu yake mawe madogo matatu. Funika, uipashe moto robo saa, kisha liweke sinia juu ya mawe. Makaa yawe machache chini, mengi juu ya kifuniko, kama unavyopalia wali. Ukifanya kinyume, chini yataungua na juu yatabaki meupe. Usifunue-funue. Baada ya dakika 12 hivi ondoa makaa ya juu, jivu lisiangukie chakula, uchungulie. Yakiwa ya kahawia, pasua moja utazame ndani.

Yangali moto, yapake samli, uyaviringishe katika sukari. Nisiwadanganye: ladha yake yakaribia mkate mtamu kuliko andazi la karai, na wazee wengine watanung'unika. Tena hukauka upesi, basi pika ya kuliwa siku ile ile. Yaliyolala yanyunyizie maji kidogo, uyapashe katika sufuria ile ile, imefunikwa.