Barua pepe ya kazi ya uongo: namna ya kujua ilikotoka

Ujumbe unaahidi kazi katika Umoja wa Mataifa, kisha unaomba dola za dosie. Jina la mtumaji linaonekana la kweli. Lakini jina si ushahidi: kanuni ya kutuma barua pepe, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, haikuweka njia ya kumhakiki mtumaji.

Ushahidi umo katika kichwa cha ujumbe. Kwenye Gmail, bonyeza nukta tatu, kisha «Afficher l'original». Kila seva inayopokea ujumbe huongeza juu yake mstari wa «Received», mfano wa muhuri wa posta. Kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu.

Tahadhari: tapeli anaweza kutunga mistari ya chini. Wa kuaminika ni ule ulioandikwa na seva ya mpokeaji. Humo mna anwani ya IP ya mashine iliyouleta ujumbe. Kwa anwani za Afrika, sajili ya AFRINIC, iliyoko Mauritius, inaonyesha ni za mtandao gani.

Anwani hiyo haimtaji mtu. Huenda kompyuta yenyewe imetekwa. Ila mwenye mtandao anaweza kuarifiwa. Nao Umoja wa Mataifa haudai malipo katika hatua yoyote ya kuajiri.