Sakulenti na Baridi ya Njombe

Kila Juni na Julai, sakitu inapoanguka mabondeni, wapenzi wa maua wa Njombe hupoteza sakulenti zao, ile mimea midogo ya vyunguni yenye majani manene. Lawama zote hupewa baridi. Baridi ina sehemu yake, lakini mara nyingi maji ndiyo yameshatangulia kuharibu.

Jani la sakulenti ni ghala. Mimea hii hufungua matundu ya majani usiku na kuyafunga mchana, kinyume cha viazi na chai, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Wakati wa baridi hukua taratibu na mizizi hainywi sana. Ukiendelea kumwagilia, udongo hukaa na unyevu siku nyingi, mizizi ikaoza. Sakitu nayo ikilikuta jani limejaa maji, barafu hupasua seli, na asubuhi jani hulegea kama mchicha uliochemshwa.

Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Mei punguza maji, na usimwagilie jioni. Echeveria, yenye asili ya Mexico, na haworthia ya Afrika Kusini huvumilia ubaridi zikiwa kavu. Kalankoe ya maua, iliyotoka Madagaska, usiijaribu: ilale ndani.

Mahali pa kuweka chungu pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwetu huku kusini mwa ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini, basi baraza inayotazama huko ndiyo bora. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake angani, na paa hupunguza upotevu huo. Hewa baridi ni nzito, huteremkia bondeni. Nyumba ya mlimani ina nafuu.

Makambako shida ni upepo. Udongo hukauka upesi na vyungu vyepesi huanguka, kwa hiyo tumia vya udongo, juu utandaze kokoto ndogo.

Udongo wetu mwekundu hushika maji mno. Sehemu moja ichanganye na mbili za mchanga wa mto na chenga za mkaa. Hata kopo la rangi linafaa, mradi limetobolewa chini. Masika yote chungu kikae chini ya paa.

Kuzidisha subiri Septemba: chuma jani zima, liache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, kisha lilaze juu ya mchanga mkavu. Mizizi ikichomoza ndipo unyunyize maji.