Tiketi Mkononi, Mlango Umefungwa!

Mmeshapiga hesabu ya nauli, hoteli na nguo za kupigia picha. Je, kalenda ya wenyeji wenu mmeiangalia?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu naomba nijianike mwenyewe. Huenda kuna wawili kati yenu ambao sasa hivi wanabishana kuhusu tarehe za safari, na mkasa wangu ukawaokoa.

Aprili 2024 mimi na mume wangu tulikuwa tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Fungate yetu ilikuwa siku mbili Bagamoyo, basi. Kwa hiyo safari hii tukasema liwalo na liwe, lazima tupande ndege. Mwenzangu alidunduliza mwaka mzima, posho kwa posho, na tukachagua Istanbul, Uturuki.

Kazi ya kupanga tarehe niliichukua mimi, na jamani nilijiona mjanja! Ijumaa 26 Aprili ni Muungano. Jumatano ni Mei Mosi. Katikati, ukiondoa wikiendi, zinabaki Jumatatu na Jumanne tu. Yaani naomba ruhusa ya siku mbili, napata siku sita. Jioni moja mume wangu akaniuliza, “Na huko kwao umeangalia? Wasije wakawa na mambo yao.” Nikamjibu bila hata kuinua macho kwenye simu: “Istanbul hiyo, mji wa watalii. Haulali.”

Naomba mlikumbuke jibu hilo.

Kila mtu na lake moyoni

Mimi nilitaka Grand Bazaar, lile soko la kale lililoezekwa, lenye maelfu ya maduka ya dhahabu, mazulia, taa na viungo. Mume wangu alitaka kitu kimoja tu: Kasri la Topkapi, walikokaa masultani wa Dola ya Uthmaniya. Humo kuna chumba cha vitu vitakatifu, likiwemo joho linaloaminika kuwa la Mtume Muhammad (SAW). Mama yake, aliyeko Tanga, alikuwa amemwambia, “Ukifika pale mwanangu, simama uniombee dua.” Naye akaitikia, “Inshallah, mama.”

Ijumaa tulifika tumechoka. Jumamosi tukapanda boti ya Bosphorus, upande mmoja Ulaya, upande wa pili Asia, tumeshikana mikono kama wachumba. Raha tupu.

Jumapili nikajipamba, tukaenda sokoni. Milango imefungwa. Mlinzi akatutazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja benki usiku wa manane. Kumbe Grand Bazaar hufungwa kila Jumapili! Jumatatu tukaamkia Kasri la Dolmabahçe. Nalo hufungwa Jumatatu. Tukarudi sokoni, nikanunua taa na viungo huku nimenuna, hata kupatana bei kukanishinda.

Topkapi tulikuwa tumeibakiza mwisho, kama mtoto anayebakiza nyama kwenye sahani. Jumanne asubuhi tukafika getini. Bila shaka umeshaotea: Topkapi hufungwa Jumanne.

Simu yake ikaita palepale. Mama mkwe.

“Mmeingia?”

“Kumefungwa, mama. Leo Jumanne.”

“Kila Jumanne?”

“Kila Jumanne.”

Kimya. Kisha nikasikia, “Sasa si mngeuliza, mwanangu?”

Mume wangu hakunitaja. Alisema tu, “Tulipitiwa, mama.” Wala hakuniambia “nilikwambia mimi”. Angesema, angalau ningepata pa kuanzia ugomvi. Alinyamaza, na ukimya ule tulilala nao kitanda kimoja.

Jumatano ndege yetu ilikuwa ya usiku, na hoteli yetu ilikuwa karibu na Uwanja wa Taksim. Mei Mosi ni sikukuu kwao pia! Tangu 2013 mamlaka za pale zimekuwa zikiufunga uwanja huo siku hiyo kuzuia maandamano, na 2024 haikuwa tofauti: vizuizi kila kona, barabara zimefungwa, stesheni ya treni ya Taksim imefungwa. Tuliburuta masanduku kwa miguu mpaka tulipopata teksi. Sikukuu iliyonipa ujanja wangu ndiyo iliyonichapa.

Kabla hamjalipia tiketi

Sasa tuache kulia. Haya ndiyo niliyojifunza, baadhi kwa Istanbul na mengine kwa kuuliza baada ya kuumia.

1. Jua likizo yako inavyohesabiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa Tanzania Bara, inakupa angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka, na sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa ndani. Kenya ni angalau siku 21 za kazi. Ofisi nyingine zina utaratibu wao ulio bora zaidi kwenye mkataba. Ujanja wa kuunganisha sikukuu unategemea hapo, kwa hiyo muulize mtu wa utumishi kabla hujamtamanisha mwenzako.

2. Wekeni kalenda mbili mezani. Moja yenu, moja ya wenyeji. Uturuki wana 23 Aprili, 1 Mei, 19 Mei, 15 Julai, 30 Agosti na 29 Oktoba, bila kusahau Idi zote mbili, ambapo Grand Bazaar hufungwa na mabasi hujaa watu wanaokwenda makwao. Sikukuu za Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo tarehe za mwaka jana hazikusaidii. Kwa wale wa Guangzhou, mnaochanganya mapenzi na biashara, Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, na viwanda na masoko ya jumla hufunga kwa siku nyingi. Wiki inayoanza 1 Oktoba nayo ni ya mapumziko.

3. Tafuteni siku ya mapumziko ya kila wiki. Hii ndiyo iliyotuua sisi. Paris, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, ya Orsay Jumatatu. Taj Mahal kule India hufungwa Ijumaa. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Ujerumani, maduka mengi hayafunguliwi Jumapili, kwa hiyo maji na mkate nunueni Jumamosi. Na usitegemee simulizi za shangazi aliyekwenda zamani: Dubai, wikiendi ya serikali ilihamia Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, na Ijumaa ni nusu siku.

4. Angalieni na saa, siyo siku tu. Sehemu nyingi huacha kuuza tiketi au kuingiza watu mapema kabla ya kufunga. Msikiti wa Bluu wa Istanbul hauruhusu watalii wakati wa swala, na Ijumaa asubuhi nzima si ya kuitegemea. Habari njema ni kwamba tangu 2016 saa za Uturuki ni sawa na zetu mwaka mzima. Ila wao wakiandika 15:00, wewe soma saa tisa alasiri.

5. Viza nayo ina sikukuu. Ubalozi hufunga sikukuu zetu, na mara nyingi za kwao pia. Ukipeleka fomu wiki yenye zote mbili, utasubiri mpaka ukonde.

Lililo kubwa kuliko yote

Wataalamu wa safari watakuambia yote hayo. Lakini mimi nawaambia kama mke: ugomvi wetu haukuwa wa tarehe. Ulikuwa wa swali nililoulizwa nikalipuuza. Mwenzangu alitoa fedha, akaniachia mimi mpango, akauliza jambo moja. Nami nikamjibu kama anayenisumbua.

Kwa hiyo kaeni chini wawili, kila mmoja aandike kitu kimoja tu ambacho akikikosa, safari haijawa safari. Kimoja! Hicho ndicho kinachopangiwa siku kwanza, hata kabla ya hoteli. Kiwekeni siku ya pili, mkiwa mmeshapumzika na bado mna siku za akiba kama mambo yataharibika. Siku ya mwisho iacheni tupu, iwe ya kufunga masanduku na kunywa chai.

Na kama wewe ndiye mpangaji, mwenzako akikuuliza “umeangalia?”, weka simu chini. Angalieni pamoja.

Sisi tumeanza tena kudunduliza. Kwenye friji yetu kuna kalenda mbili, na Jumanne zote za ya pili nimezikata kwa kalamu nyekundu. Mume wangu akipita huzitazama, hutabasamu, hasemi kitu. Ila ukimya huu si ule wa Istanbul.

Mama mkwe hatujamwambia tarehe. Bado anasubiri dua yake.